Mlango Uliolazwa

Wezi waliliacha kasha kwa sababu moja tu: halikubebeka kwa mikono. Vingine vyote walivibeba. Januari ile mji wa Goma ulipochukuliwa tena, kila mwenye akili akiwa amelala kifudifudi chini ya kitanda, watu waliingia katika gereji ya Achille pale Majengo wakazoa spana, jeki, betri, hata ndoo ya kunawia mikono. Kasha la vifaa, lile kubwa la chuma lenye droo kuanzia chini hadi juu, walilimwaga matumbo yake yote sakafuni wakachagua walichokipenda. Juu ya kasha hilo kulikuwa na ubao wa kufanyia kazi, na juu ya ubao, etau, kibano cha chuma ambacho fundi wa magari akikikosa ni sawa na mpishi aliyekosa meko. Boliti za etau zilipokataa kulegea, waling'oa ubao mzima wakaenda nao.

Achille aliporudi alikuta kasha limeachama kama chungu kisicho na kifuniko, mvua imeingia hadi kwenye droo ya chini. Alilitazama bila kulia. Mtu wa Goma ameshaibiwa na wenye vyeo, na waasi, na mlima wa moto pia. Akianza kulia kwa kila wizi, machozi yenyewe yatamwishia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alijiambia, akachukua kitambaa akaanza kuyafuta maji.

Mteja alikuwa mmoja tu msimu ule. Benki zimefungwa, uwanja wa ndege kimya, magari mengi yamekimbizwa au yamechukuliwa. Aliyebaki ni Twagirayezu, mtu wa Rutshuru, mwenye malori ya kubeba makabichi na viazi. Alikuja akasimama mlangoni pa gereji na kofia mkononi.

"Fundi, boîte de vitesse ya Fuso yangu imekufa," alisema. "Minajua batu walikuibia. Lakini mutu mwingine sitamupa ile kazi. Tafuta table, nitangoja. Ila sitangoja mupaka Yesu arudi."

"Nitatafuta, papa."

"Ukiitengeneza hii, iko ingine nyuma yake."

Basi mkate wote wa nyumba ya Achille, mkewe Rosine, watoto, na mama yake mzazi, ulikuwa juu ya ubao ambao haupo. Giaboksi, yaani hiyo boîte de vitesse, haifunguliwi chini kwenye vumbi. Inataka meza nzito isiyotikisika, isiyokunywa mafuta, isiyopinda mvua ikinyesha na kukakamaa jua likiwaka. Kwa Goma, huko ni kuomba mengi.

Etau aliipata upesi. Aliikuta sokoni Birere, imetandazwa juu ya gunia pamoja na spana za watu wengine, na akaitambua kwa pengo lililoko kwenye jino lake la kushoto. Muuzaji alimwapia kwamba imetoka Uganda. Achille hakubishana naye. Birere ndiko mtu wa Goma anakokwenda kununua mali yake mwenyewe, na ukianza kuuliza maswali bei inapanda. Alilipa, akasema asante, akaibeba begani mpaka Majengo.

Ubao ndio uliomtesa. Alianza na mbao za mikaratusi za Masisi, akazipigilia misumari vizuri, na kabla juma halijaisha zilikuwa zimejikunja kila moja upande wake kama ndugu waliogombea shamba. Akajaribu tripleksi, zile mbao nyembamba zilizogundishwa. Ilikunywa mafuta ya kwanza yaliyomwagika, ikavimba, ikaanza kubanduka ngozi. Akatafuta bati nene la ubavu wa lori bovu, akalilaza juu ya fremu ya vyuma. Hilo halikunywa mafuta wala halikujikunja, lakini kila nyundo ilipotua lilipiga kelele hadi mtaa wa pili, na kila kitu cha mviringo kilichowekwa juu yake kilitafuta njia ya kwenda chini.

Akaenda kwa Havugimana, seremala wa Birere, mtu mwenye ulimi mkali na mikono mizuri.

"Nataka mbao ngumu," Achille alisema. "Muvula, libuyu, yoyote."

Havugimana alicheka bila furaha. "Mbao ngumu iko Beni, ndugu yangu. Na kati ya Beni na siye kuko vita. Apa hakuna kitu, hata masanduku ya kuzikia batu niko nafanya na mikaratusi." Alipuliza vumbi la msumeno kwenye meza yake. "Libuyu yenye kubakia mu Goma ni moja tu, na unajua iko kwa nani."

"Usiseme."

"Sisemi. Lakini hata weye ulikuwa unawaza."

Ni kweli, alikuwa anawaza tangu siku ya kwanza. Libuyu hiyo ilikuwa nyumbani kwake mwenyewe, imeegemea ukuta wa sebule nyuma ya kabati. Ulikuwa mlango, na mlango huo ulikuwa wa mama yake.

Hadithi yake ni vizuri isimuliwe hapa, la sivyo mtu atadhani Mama Marie-Louise alikuwa na wazimu. Mumewe, Grégoire, alikuwa fundi wa magari aliyetoka Lubero, akajenga nyumba ya matofali juu kidogo ya Birere, gereji mbele, familia nyuma. Kuta zilikuwa za kawaida. Mlango ndio uliokuwa fahari yake: libuyu tupu kutoka Beni, mnene, mwekundu, mzito kiasi kwamba watoto walipotaka kuufungua walisukuma wawili wawili. Grégoire alizoea kusema kwamba nyumba ni mlango, kuta zinausaidia tu kusimama.

Januari ya mwaka elfu mbili na mbili, mlima wa Nyiragongo ulipasuka na moto ukateremka mjini. Watu walikimbia na magodoro, na kuku, na sufuria zingali na chakula ndani. Grégoire alichukua bisibisi akaanza kufungua bawaba za mlango. Majirani waliopita walimpigia kelele, naye akawajibu kwamba kuta atazijenga tena kwa chochote, ila mlango kama huu hataupata tena. Alifunga mlango na kasha lake la vifaa, lile lile lililoko gerejini leo, juu ya chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao inayobeba mizigo kuliko gari, akampa Achille, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenye nguvu, aisukume. Halafu alimwambia mkewe, "Shika mulango. Nitakuja kuupachika miye mwenyewe."

Akarudi nyuma kuchukua kompresa. Kosa lake lilikuwa la watu wa mji ule: waliokuwepo mlima ulipopasuka mwaka sabini na saba walikuwa wamesimulia sana jinsi moto ulivyoishia porini, mpaka watu wakauzoea mlima kama wanavyomzoea jirani mlevi. Alidhani muda upo.

Mama na mwana walivuka mpaka wakafika Gisenyi. Grégoire hakuvuka. Moto ulipopoa wakarudi, wakakuta kiwanja chao kimekuwa jiwe jeusi lenye kimo cha dirisha, bado linatoa moshi mvua ikilinyeshea. Hakuna aliyejua kama yuko chini yake au yuko kwingine. Wazee wa ukoo walikuja kutoka Lubero na shauri la zamani: mtu akipotea mwili, huzikwa mgomba mahali pake, watu wakalia, mambo yakaisha. Mama Marie-Louise aliwakatalia mbele ya wote. "Miye sikuolewa na mugomba," aliwaambia, na hakutoa chozi. Kwao mwanamke akishalia, amekubali. Yeye alikuwa ameambiwa ashike mlango, basi akaushika.

Aliushika kutoka nyumba ya kupanga hadi nyumba ya kupanga, na hakuna fremu iliyoutosha. Alikuwa akikusanya mabati na saruji ajenge tena juu ya lile jiwe, na kila alipokaribia, waasi wa mwaka huo walikuja wakala kila kitu. Mwaka elfu mbili ishirini na moja mlima ulipofunguka tena na mji ukaambiwa uhame, watu walikimbilia Sake na watoto migongoni, na Mama Marie-Louise alikodi chukudu kwa ajili ya mlango. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Mulango. Alisikia, hakujali. Kasha la mumewe, kwa upande mwingine, hakuligusa hata siku moja. Chuma ndicho kilichomrudisha nyuma mume wake, na kinyongo chake na chuma hakikuwahi kuisha.

Sasa mtu amwombe mama huyo mlango wake ili auweke juu ya kasha hilo! Achille alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, lakini kila alipotaka kulisema neno hilo alitoka kwenda gerejini.

Siku moja mama alikuwa ameenda misa. Achille alisogeza kabati, akatoa futi ya kupimia, akapima upana wa mlango. Ulilitosha kasha barabara, kana kwamba vilitengenezwa na fundi mmoja. Urefu ulizidi. Aliupiga kwa ngumi, nao ukajibu kwa sauti nzito ya kitu kisichokuwa na shida na mtu. Miaka yote hiyo hakuna mdudu aliyethubutu kuula. Alikuwa bado amechuchumaa na futi mkononi mama aliporudi.

Hakupiga kelele. Alivua kitambaa cha kichwa polepole akakikunja.

"Unapima nini, Achille?"

"Mama, minakuomba..."

"Nimekuuliza, unapima nini?"

"Mulango. Ya table. Ya kazi, mama. Mbao haiko mu mji muzima."

Mama Marie-Louise alikaa kwenye kiti. "Baba yako akirudi," alisema, "nitamwambia nini? Kama nilichoka?"

Achille alitaka kumwambia kwamba baba harudi, kwamba hata yeye anajua harudi, kwamba watoto walikula jana ugali na chumvi. Maneno hayo yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo mtoto anaweza kumwambia mama yake. Alirudisha kabati mahali pake. Alijisikia mwizi kuliko wale waliong'oa ubao wake.

Siku zilizofuata mama alikula kidogo na kuongea kidogo zaidi. Rosine alijaribu kuwapatanisha. "Mama, hakuna mwenye atakunyanganya," alimwambia akimpelekea chai. Mama alishukuru kwa chai tu. Achille naye alikwenda gerejini akamwambia Twagirayezu alete giaboksi, ataifungua juu ya bati vivyo hivyo. Alijua anafanya ujinga. Lakini njaa ni mwalimu mbaya, na wanafunzi wake ni wengi.

Waliishusha giaboksi kwa mnyororo wakailaza juu ya bati. Asubuhi ilikwenda salama. Mchana, Achille akigonga shafti itoke, fremu ilitikisika, bati likacheza, na gia kubwa ikabingirika kuelekea chini. Aliidaka kwa silika, kama mtu anavyomdaka mtoto anayeanguka, na chuma kikabana vidole vyake kwenye ukingo wa bati. Viwili vilipasuka hadi mfupani. Havikukatika, Mungu ni mkubwa, lakini aliporudi nyumbani mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji nene iliyoanza kuloa damu.

Mama yake alikuwa anachambua maharagwe. Aliuona mkono, akaweka ungo chini.

"Ni nini?"

"Kazi tu, mama. Bati ilitikisika."

Aliuchukua mkono akauweka juu ya magoti yake, akawa anaugeuza huku na huku kama kitu alichokiokota njiani. Achille aliona midomo ya mama yake inatetemeka, jambo ambalo hakuwahi kuliona, si Gisenyi, si mbele ya lile jiwe jeusi, wala siku ya mgomba.

"Mukono wa baba yako sikuuona mara ya mwisho," alisema hatimaye. "Nilikuwa naangalia mulango, kama imefungwa muzuri kwa chukudu. Akaenda, sikumwangalia." Alipangusa pua kwa kanga. "Huu wako niko nauona."

"Mama, itapona."

"Nyamaza. Sikiliza. Kwetu mulango haulazwi bure. Unajua?"

Achille alijua nusunusu, kama watoto wa mjini wanavyojua mambo ya kwao. Huko vilimani Lubero, kabla ya magari, mtu akifa mbali na nyumbani watu waling'oa mlango wa nyumba yake wakaenda nao, wakamlaza juu yake, wakamrudisha kwake. Kwa hiyo hakuna mwenye adabu anayelaza mlango chini bila sababu. Mlango ukilala, unamngoja mtu.

"Utaulaza juu ya ile kasha," mama alisema. "Nimekubali. Lakini utambeba baba yako kwanza. Ukishamubeba, utakuwa wako, ufanye nao unachotaka. Ila usiukate."

Rosine, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jikoni, alishika mdomo.

Walikwenda siku ya Jumamosi, kweupe, kwa sababu mama hakutaka mambo ya kujificha. Havugimana alikuja na kamba na nyundo, na Twagirayezu alikuja na dereva wake, ingawa giaboksi ilikuwa bado imelala wazi na angeweza kununa. Alisikia habari akasema tu, "Muzee Grégoire alinifungulia moteur ya kwanza. Nitamubeba." Wanaume wanne waliusimamisha mlango, wakaulaza, wakauinua mabegani, Achille akitumia upande wa mkono wake mzima. Mama Marie-Louise alitembea nyuma na Rosine, amevaa kitenge chake cheusi ambacho alikuwa amekikataa miaka yote ya ujane wake.

Kiwanja chao kilikuwa bado jiwe. Pande zote watu walikuwa wameshajenga vibanda vya mbao juu ya moto uliokufa, lakini hapo katikati palibaki wazi, kwa sababu mtaa ulijua ni pa Mama Mulango. Jirani mmoja, Angèle, alikuwa anaanika mihogo juu yake. Alipowaona alikunja turubai lake bila kuuliza kitu, akajifunga kanga vizuri, akasimama pembeni.

Mama alitembea juu ya jiwe akitazama chini, akipimapima kwa macho pale palipokuwa na sebule, pale palipokuwa na jikoni. Alisimama mahali gereji ilipokuwa.

"Kompresa ilikuwa apa," alisema. "Vunja apa."

Havugimana alipiga nyundo. Jiwe la Nyiragongo ni gumu na lina matundu, hurusha cheche kabla ya kukubali. Lilipokatika, kilitoka kipande chenye ukubwa wa mtoto mchanga. Mama alivua kitenge cha mabegani akakifunga, akakilaza mwenyewe katikati ya mlango. Wanaume wakainua. Twagirayezu alisema baadaye kwamba ulikuwa mzito kuliko walivyokuja nao, zaidi ya uzito wa jiwe, na kwa kuwa Twagirayezu ni mfanyabiashara asiyetia chumvi kwenye mizigo, watu walimwamini.

Njia ya kurudi iliwapitisha mbele ya watu wenye bunduki waliokaa kwenye njia panda. Siku zile mkusanyiko wowote ulikuwa kesi. Kijana mmoja aliinuka akanyoosha mkono.

"Munabeba nini?"

"Mulango," Achille alisema.

"Na juu ya mulango?"

Mama Marie-Louise alipita mbele ya wabebaji, mwanamke mfupi, akasimama karibu na yule kijana kiasi cha kumgusa.

"Ni bwana yangu, mutoto yangu."

Kijana alifunua pembe ya kitenge kwa ncha ya vidole. Akaona jiwe jeusi, lile lile linalojengewa kila ukuta wa Goma. Akamtazama mama. Achille alimwona anafungua mdomo acheke, na alimwona anaufunga tena. Hakuna ajuaye na yeye alikuwa amemwacha nani wapi. Aliirudisha pembe ya kitenge, akainyoosha isipeperuke na upepo.

"Mupite," alisema.

Gerejini, mama aliomba kitu kimoja. Alitaka kujua droo ipi ya kasha ni kubwa. Achille alimwonyesha ile ya chini kabisa, ya nyundo na minyororo, tupu tangu wezi walipopita. Mama Marie-Louise alipiga magoti mbele ya kasha ambalo hakuligusa tangu siku ya moto, akaivuta droo, na ilipogoma aliitukana kwa Kinande. Aliliweka jiwe ndani na kitenge chake. Kwa kitambo kidogo aliweka kiganja juu yake. Kisha akaisukuma droo mpaka ikaingia yote.

"Sasa lazeni mulango," alisema. "Uso wa nje ukuwe juu. Yeye njo mwenye kuwa mu ndani."

Waliulaza. Ulikaa juu ya kasha kwa utulivu kamili, haukutikisika hata Twagirayezu alipouegemea kwa tumbo lake lote. Kwa kuwa haukukatwa, urefu ulizidi upande mmoja, na Havugimana alikwisha kuona hilo tangu awali: alisimamisha bomba la chuma chini ya sehemu iliyozidi, akaikaza. Alisema tundu la funguo litazibwa kwa kigingi, boliti ndogo zisiangukie ndani. Alipapasa ubao kwa kiganja akatikisa kichwa. "Hii itatuzika siye wote," alisema, kisha akamwangalia mama na kuona haya. Mama hakuonekana kukasirika.

Ilibaki kutoboa matundu ya etau. Achille alichukua keekee ya Havugimana, ile ya kuzungusha kwa mkono, akaweka ncha yake pale palipokuwa na alama ya chaki. Akabaki hivyo. Alikuwa amefungua mamia ya injini bila huruma, lakini tundu hilo moja lilimshinda.

"Toboa," mama alisema.

"Mama, pengine tutafunga na kamba tu..."

"Baba yako alikuwa fundi. Unataka alale apa bila kazi? Toboa, minakushikia etau."

Akaishika kweli, chuma kile kizito, kwa mikono miwili, akakiegemeza kifuani kama alivyokuwa akibeba watoto. Achille akazungusha. Ubao ulikataa, kisha ukakubali, na unga mwekundu ukaanza kutoka tunduni na kumwagika juu ya mikono ya mama. Harufu ikapanda. Baada ya miaka yote hiyo libuyu ilikuwa bado inanukia vilevile, tamu na kali, kama siku ile mlango ulipoletwa umefungwa magunia na Grégoire akawaita majirani waje wauone.

Mama Marie-Louise alivuta pumzi, na sauti ikamtoka. Haikuwa sauti ya mwanamke mzee. Ilikuwa kilio kile cha wajane, kirefu, kinachopanda na kushuka na kutaja jina, kilio kinachopigwa mwili ukiwa bado ndani ya nyumba. Alilia bila kuiachia etau. Rosine alimshika kiuno naye akalia, na Achille, aliyekuwa amejikausha mbele ya kila mwizi, aliweka kichwa juu ya ubao akalia kama mtoto.

Nje barabarani watu walisimama. Goma inajua risasi na inajua ngurumo, na inakijua kilio hicho kuliko vyote viwili. Mwanamke mwenye beseni la samaki aliliteremsha kichwani. Dereva mmoja wa pikipiki, aliyekuwa amekuja kuziba tairi, alisogea hadi mlangoni.

"Pole sana, mama," alisema. "Nani amekufa?"

Achille aliinua uso ajibu, lakini mama yake alimtangulia.

"Ni bwana yangu," alisema. "Tumemuzika leo."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Dereva wa pikipiki alivua kofia yake, akaketi juu ya tairi kuukuu karibu na kasha, na muuza samaki akaketi karibu naye, na nyuma yao wengine walikuwa wakiingia wakitafuta mahali pa kukaa. Achille aliweka keekee chini, akatoka kwenda kwa majirani kuazima viti.